Kasha la Kwenda Rubondo

Kwa Wakongo wa Nakivale, ile kambi ya wakimbizi kule Uganda, filamu ya harusi haikatwi na fundi peke yake. Asikudanganye mtu. Fundi akijifungia chumbani kwake akakata anavyojua yeye, ajue ametafuta maneno kwa mkono wake mwenyewe. Kesho yake atakuja mjomba wa bwana harusi kuuliza kwa nini mbuzi aliyemleta anaonekana miguu tu, na keshokutwa shangazi wa bibi harusi atataka kujua kama hotuba yake ilikuwa na matusi. Ndiyo maana wana desturi yao. Fundi anakwenda na mashine mpaka nyumbani, familia mbili zinaketi, soda zinafunguliwa, na kila kipande kinapita mbele ya macho ya watu. Hapo kata. Hapo acha. Wakishamaliza hakuna wa kulalamika, maana kila mtu alikuwepo.

Eliane aliijua desturi hiyo vizuri kuliko fundi mwenzake yeyote wa Base Camp, kitovu cha kambi hiyo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inamlisha. Lakini mwezi wa pili mwaka 2015 aliivunja, mara moja tu, na hiyo mara moja ikatosha.

Ilikuwa harusi ya Perpétue, binti pekee wa Mama Georgette wa Rubondo, upande wa mbali wa kambi. Kompyuta ya Eliane siku hizo ilikuwa dude la kasha refu, zito, la kubebwa na watu wawili, na njia ya kwenda Rubondo ilikuwa mbaya. Kompyuta ya mapajani alikuwa nayo zamani, ikachoka. Picha za kamera mpya zilikuwa zinaikwamisha kila dakika, na yenye nguvu ya kutosha bei yake ilikuwa ya kusikia tu. Basi akasema, ah, hii moja nitaikatia nyumbani. Alipofika kwenye baraka za Mama Georgette akakuta sauti hakuna. Picha ipo: mama amesimama na mguu wake mbovu, ameshika mkono wa binti yake, midomo inacheza. Lakini kinachosikika ni jenereta, ambayo Eliane mwenyewe aliiweka nyuma ya turubai, karibu kupita kiasi. Dakika mbili nzima za ngurumo. Aliona aibu, akazitoa, na hakumwambia mtu.

Mama Georgette aliitazama ile diski ya harusi kwa jirani. Alimwona baba mkwe. Alimwona pasta, mara tatu. Alimwona hata mtu aliyekodisha viti. Yeye mama mzazi hakuwemo. Hakupiga kelele wala hakuuliza. Alijijibu mwenyewe moyoni kwamba binti yake, sasa kwa kuwa ameolewa na Kabanda mwenye ndugu Kanada, ameona haya kuonekana na mama kiwete. Perpétue akaja kumwamkia mara tatu, na mara zote tatu akaambiwa na jirani kwamba mama amelala.

Halafu karatasi za safari zikatoka. Perpétue na Kabanda walikuwa wanaondoka Ijumaa asubuhi kwa basi la kutoka Base Camp, na kutoka hapo Kampala, na kutoka hapo Kanada. Mama Georgette akatuma neno moja tu: aende salama, mimi sitatoka.

Habari ilipomfikia Eliane, alikwenda kwa miguu mpaka Rubondo, akapiga magoti mlangoni.

"Mama, mi njo nilikata. Perpétue hajui kitu. Ilikuwa juu ya kelele ya jenereta."

"Unamutetea," Mama Georgette alisema. "Kelele gani? Mi nilikuwa najisikia."

"Haki ya Mungu, mama."

"Sitaamini mudomo. Leta hiyo mashine hapa. Mukate mbele yangu, na yeye akiwa hapa, nione ni nani anasema nitolewe. Kama hamuwezi, muniache."

Kumpeleka yeye Base Camp haikuwezekana. Nyonga ilivunjika zamani, ikaunga vibaya, na kwenye pikipiki hapandi. Kwa hiyo kazi ikawa moja tu: mashine ifike Rubondo kabla ya Ijumaa. Isipofika, mama na mtoto wataachana hivyo hivyo, mmoja ndani ya nyumba na mwingine ndani ya basi, na Kanada si mahali pa kurudi Krismasi.

Jumapili Eliane alilifunga lile dude kwenye pikipiki kwa kamba za mpira, akakaa nyuma yake akiwa amelikumbatia. Yeye na dereva hawakufika nusu ya njia. Gurudumu lilishuka kwenye mtaro, dude likawatangulia chini, na Eliane akaanguka juu yake. Yeye alichubuka kiwiko. Kasha lilipinda, na ubao mkubwa wa ndani, ule ambao kila kitu kinachomekwa juu yake na mafundi wanauita mazabodi, ulipasuka. Diski ya ndani, yenye picha zote, ilipona. Kadi ya picha nayo ilipona, ile ndefu yenye feni mbili, ambayo bila yake mashine ingetumia siku nzima kwa kazi ya saa moja. Eliane aliifunga kwenye kanga akaificha chini ya godoro la mama yake, akaapa kwamba kadi hiyo haitoki tena nyumbani mpaka kasha lake lipatikane.

Na kasha safari hii litakuwa dogo. La kupakatwa mapajani juu ya pikipiki kama mtoto, ili skrini na jenereta vifungwe nyuma. Dogo, lakini lenye kuumeza ule moto wote wa ndani bila kujichoma. Hapo ndipo penye kazi.

Sasa, Eliane kabla ya kushika kamera alikuwa mshonaji. Mama yake Apolline alimfundisha kule Uvira, na Apolline mpaka leo anakanyaga cherehani pale sokoni Isangano. Mshonaji haendi kununua kitambaa na mteja begani. Anakwenda na vipimo. Eliane akatandika karatasi ya kaki mezani, akailaza kadi juu yake, akachora, akakata. Washonaji wa kwao wanaita patroni. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba, na Jumatatu alfajiri akapanda gari la Mbarara akiwa na uhakika wote duniani.

Duka la Shafik liko karibu na soko kuu, jembamba, limejaa mizoga ya kompyuta kutoka Kampala mpaka darini. Shafik mwenyewe ni mtu wa maneno mengi na bei moja. Alimtolea mazabodi ndogo, ya mraba, kubwa kidogo tu kuliko kiganja, ambayo ingekubali vitu vyake vyote vilivyopona. Hiyo waliafikiana upesi. Halafu wakaja kwenye makasha.

"Kesingi ndogo iko tatu, nyabo," Shafik alisema akizipanga juu ya meza. "Chagua."

La kwanza lilikuwa la kulala, bapa, zuri la kuwekwa chini ya skrini ofisini. Eliane alilifungua akalifunga. Humo kadi ingeingia ikiwa imekatwa nusu.

La pili lilikuwa jeusi, linang'aa mpaka unajiona meno. Shafik alilifuta kwa kiwiko cha shati na kusema hilo ndilo vijana wanalitaka. Eliane aliligeuza juu, chini, ubavuni. Tundu hakuna. Pande zote plastiki tupu, na feni moja nyuma isiyoweza kupoza chai.

"Hii ni sufuria," alisema. "Nikiwasha saa sita mchana Rubondo, saa saba tunakula."

"Banange! Wewe mama, unajua kuchagua mpaka unanitia woga."

La tatu lilikuwa la kijivu, la chuma, halina urembo wowote. Mbele lilikuwa na wavu mtupu na feni pana nyuma yake. Pawa sapulai, chombo cha kugawa umeme, ilikuwemo tayari, ndogo lakini yenye nguvu. Juu lilikuwa na mkono wa kubebea, mkono wa kweli uliofungwa kwa bolti nne. Eliane alilinyanyua kwa mkono mmoja akaliweka mapajani, akakaa nalo. Moyo ulimwambia ni hili. Akafungua ubavu, akatoa patroni yake, akaikunjua ndani.

Patroni ilizidi kwa nusu inchi.

Akaigeuza. Ikazidi. Akaisukuma mpaka karatasi ikapinda.

"Haiingii," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyenyang'anywa sahani mkononi.

"Karatasi ndiyo haiingii," Shafik alisema. "Kadi yenyewe iko wapi? Hizo kadi mimi nazijua, hapa naona kama itatosha."

"Unaona kama? Shafik, mi ni mushonaji. Miaka kumi na mbili napima bantu, sijawahi kumurudisha mutu na suruali."

"Kale. Mimi nasema tu. Lete kadi tujaribu."

"Kadi haitembei."

Mchagua jembe si mkulima, wahenga walisema, lakini Eliane hakuwa anaringa. Alikuwa anaogopa. Akilipeleka kasha nyumbani na kadi ikagoma, siku moja imekwenda, na siku alikuwa nazo nne tu. Alimuuliza Shafik kama kuna jingine kama hilo, refu kidogo. Shafik alipiga simu Kampala, akacheka na mtu, akasema lipo, litakuja na basi la Alhamisi jioni.

"Alhamisi jioni mi natakiwa nimemaliza!"

Wakiwa bado wanabishana, aliingia mwanajeshi mmoja, kopolo, mrefu, kofia ameikunja begani. Alizitazama zile kesingi tatu kama anayekagua gwaride, akalinyanyua lile la kijivu kwa mkono wake, akalipima juu chini, akauliza bei. Shafik alimtazama Eliane. Eliane alitazama patroni yake. Kopolo akalipa akatoka nalo, na duka likawa kama limeongezeka nafasi.

Jumatatu jioni Eliane alirudi Nakivale na mazabodi na maumivu ya kichwa. Jumanne asubuhi alijaribu kufikiria njia nyingine. Mama yake alimshauri atumie karai. Eliane alimweleza kwamba karai ni bati, na umeme na bati si marafiki. Mama yake akasema basi beseni la plastiki. Vitu vikiwa uchi vingeweza kuwaka mezani, ndiyo, lakini juu ya pikipiki, na vumbi lile, visingefika mtaa wa pili. Alivitoa vyote akavipanga kitandani, akavitazama. Karatasi ya kaki aliitupa mezani kwa hasira.

Apolline, ambaye hawezi kuona karatasi iliyokatwa bila kuishika, aliiokota.

"Hii ni mukono wa koti ya nani?"

"Ni ya kadi, mama. Uache."

Apolline hakuacha. Aliichukua kadi kitandani kwa vidole viwili, akailaza juu ya karatasi. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza.

"Eliane. Kuya uone."

Karatasi ilikuwa imezidi kadi nusu inchi upande huu na nusu inchi upande ule. Mstari wa penseli, ule uliochorwa kwa kufuata kadi, ulikuwepo ndani kabisa, umenyooka, hauna kosa. Lakini mkasi haukuufuata. Mkasi ulipita nje yake, sawasawa, pande zote, kama ulivyofundishwa tangu Uvira.

"Umeacha fasi ya mushono," Apolline alisema akijifuta macho. "Sasa hii chuma, nani ataishona? Mi sina sindano yake."

Eliane aliketi chini sakafuni. Alitamani kucheka na akashindwa. Kadi ya inchi tisa alikuwa ameikatia nguo ya inchi kumi, na lile kasha la kijivu, lililokuwa na inchi tisa na nusu, lililokuwa na kila kitu alichokitaka, alikuwa ameliacha liondoke mbele ya macho yake. Kwa majivuno! Mpaka amemtajia mtu miaka kumi na mbili! Alijiona mjinga, na kusema kweli siku hiyo alikuwa mjinga.

Alimpigia Shafik. Shafik alicheka dakika nzima ya salio lake, kisha akawa mwema: yule kopolo anaitwa Elly, yuko kambi ya jeshi pale Mbarara, simu yake huwa haishiki, lakini mke wake Yudaya anauza chai nje ya geti.

Jumatano Eliane akapanda gari tena. Getini askari wa zamu alimsimamisha kwa kidole, na kwa kile Kiswahili cha jeshi ambacho "nataka" ni mimi, ni wewe, ni yule.

"Wewe mama, simama hapo. Nataka nani?"

"Kopolo Elly."

"Elly gani? Hapa Elly iko mingi. Iko Elly ya jikoni, iko Elly ya bendi."

"Elly wa kompyuta."

"Aa! Huyo." Askari alitabasamu. "Tangu juzi natembea na sanduku kama mama ya mtoto. Bibi yake ule pale, ya chai."

Yudaya alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, macho hayamtulii. Alimkalisha Eliane kwenye benchi katikati ya wateja, akamtilia chai ya maziwa bila kuulizwa, na akatuma mtu kumwita mumewe. Elly alikuja na kasha lenyewe mkononi.

Eliane alimwomba amuuzie. Elly akakataa, kwa heshima lakini akakataa.

"Nyabo, mimi ni askari. Leo niko hapa, kesho nasikia nakwenda Karamoja. Kitu ya kubeba na mkono, hii ndiyo yangu. Kama ni ingine, ningekupa."

Hapo Eliane aliona hakuna la kuficha tena. Alisema yote, mbele ya wale wanywa chai: jenereta, dakika mbili alizozitupa kimya kimya, mama aliyejifungia ndani, basi la Ijumaa. Alisema na habari ya mshono, na mtu mmoja kwenye benchi akapaliwa na chai. Alisema, "Kosa ni yangu yote. Yule mama alinipokea kwake, akanipikia, na mi nikamufuta kama vumbi. Akiachana na mutoto wake hivyo, mi nitaishi nayo."

Elly alikuna kidevu. "Na huyo mama hatatoka kusema kwaheri?"

"Hatatoka. Unajua wazee wetu."

Elly alilitazama kasha lake. Ilikuwa dhahiri kwamba analipenda. Alikuwa ameshaandika jina lake kwa chini, kwa rangi nyeupe.

"Elly," Yudaya alisema huku akikoroga chai, "hiyo kompyuta yako, ndani iko na nini?"

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado kununua."

"Kumbe! Siku mbili wewe nalala na sanduku tupu kitandani, mimi nasukumwa ukutani, nanyamaza. Na mtu ya shida nalia hapa mbele yako, wewe unashika mkono ya sanduku?"

Benchi zima liliangua kicheko, na Elly naye akacheka, maana angefanya nini. Alilisukuma kasha juu ya benchi mpaka likagusa goti la Eliane. Lakini askari ni askari. Hakutoka mikono mitupu. Walikubaliana kwamba lile refu la Kampala, la Alhamisi, litakuwa lake kwa fedha ya Eliane, na kwa kuwa halina mkono, Apolline atalishonea mfuko wa turubai wenye mikanda ya mgongoni. Eliane aliapa kwamba mama yake ndiye atakayepima, si yeye.

Alhamisi asubuhi, mlango wazi kwa ajili ya mwanga, Eliane aliunga mashine yake. Mazabodi ilikaa kwenye misumari yake minne. Kadi aliibakiza mwisho, maana alikuwa anaiogopa. Aliishusha taratibu, mkia kwanza, ikapita chini ya chuma cha juu, ikaingia, ikalia *tak*. Mbele yake kulibaki nafasi ya kupitisha kidole. Apolline alikuwa ameshakata kipande cha kitambaa cha shela, akakishonea ukingo, akakifunga mbele ya wavu kuzuia vumbi. Safari hii mshono ulihitajika, na alihakikisha binti yake amesikia akisema hivyo.

Pikipiki moja ilitosha. Skrini nyuma, jenereta pembeni, Eliane katikati amepakata. Waliruka mashimo yote yale na kasha halikucheza mapajani mwake. Njia nzima alikuwa anamwomba Mungu.

Perpétue na Kabanda walikuwa wamefika, wamekaa ukingoni mwa kiti kimoja kirefu, mizigo yao imebaki Base Camp. Mama Georgette alikaa kwenye kiti chake cha kamba, kitenge kipya, uso umefungwa. Hawakuwa wamesalimiana zaidi ya jambo na jambo. Perpétue ana miaka kumi na minane, na siku hiyo alionekana mdogo zaidi.

Eliane aliliweka kasha mezani, akaunga nyaya, akaenda kuwasha jenereta nyuma ya nyumba ya jirani, mbali, mwisho wa waya. Mashine ikawaka. Feni zilivuma kidogo. Aliweka kiganja juu ya chuma, akasubiri, akakiondoa. Joto la kawaida. Picha zote za siku ile zikajipanga kwenye skrini mara moja, saa sita za harusi, na ukigusa popote panacheza hapo hapo.

Akafungua zile dakika mbili.

Mama Georgette alijiona amesimama. Alijiona akishika mkono wa mtoto. Ngurumo ikajaa chumbani, na Eliane akaongeza sauti, akapunguza, akachuja, akajaribu kila ujanja anaoujua. Mashine ilifanya kila alichoiambia, upesi, bila kukwama. Lakini maneno hayakutoka. Hayakuwemo.

"Umeona, mama," Eliane alisema kwa sauti ndogo. "Njo nilizitoa. Ilifaa nikuambie. Unisamehe."

Mama Georgette alikuwa anatazama skrini, mahali ambapo Perpétue mwenye shela alikuwa anaitikia kwa kichwa, anaitikia, anaitikia.

"Lakini wewe ulisikia," alimwambia binti yake. Ukiacha ile jambo ya mlangoni, ndiyo mara ya kwanza kumwambia kitu tangu aione ile diski. "Ona, unaitikia."

Perpétue alitazama mikono yake. Kabanda akamgusa bega.

"Sikusikia, mama," alisema. "Hata neno moja. Jenereta ilikuwa nyuma ya sikio yangu. Niliona mudomo yako inasema, nikaogopa kukukatiza mbele ya bantu, nikaitikia tu." Akaanza kulia. "Mara tatu nilikuya kukuuliza ulisema nini. Bakasema umelala."

Miezi yote ile Mama Georgette alikuwa ameamini kwamba alimpa mtoto wake kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo, na mtoto akakipokea, kisha akakitupa. Kumbe hakikuwahi kumfikia.

"Eliane," alisema. "Zima hiyo kitu yako huko inje."

Eliane alikimbia, akazima jenereta, akarudi na kamera ya betri. Skrini ilikuwa nyeusi na feni zimenyamaza. Mama Georgette aliegemea ukuta, akajiinua kwa mguu mzuri, akanyoosha mkono, na Perpétue akaja kusimama pale pale aliposimama siku ya harusi, hatua moja mbele yake.

"Nilisema hivi," Mama Georgette alisema. "Mutoto wangu, nilikuzaa mu njia, bantu banakimbia. Sikukuwa na kitambaa ya kukufunika, nikakufunika na mikono. Usiku yote. Sasa unaenda fasi mi sitafika, na banasema kule ni baridi mingi. Mikono yangu iende na wewe. Ni hivyo tu nilisema. Haikukuwa mingi."

Perpétue alimwangukia kifuani, na yule mama, mguu mbovu na yote, akasimama akamshikilia. Walilia wote wawili kwa sauti, bila haya, na Kabanda akageuka akatazama ukuta. Eliane hakuzima kamera. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka shingoni na mkono haukutikisika.

Baadaye kidogo jenereta iliwashwa tena, chai ikaletwa, na familia ikakaa kama desturi inavyotaka. Eliane aliichukua ile sauti mpya akailaza chini ya picha ya zamani. Mama mwenye kitenge cha harusi akaanza kusema, na safari hii chumba kizima kikamsikia. Midomo haikulingana sawasawa na maneno, lakini hakuna aliyelitaja hilo. Perpétue alikuwa ameketi sakafuni, kichwa kwenye goti la mama yake.

Ilipofika mahali pa kilio, Mama Georgette aliinua kidole.

"Hiyo ya kulia mutoe. Bantu ba Kanada basituone vile."

"Hapa, mama?" Eliane aliuliza.

"Mbele kidogo."

"Hapa?"

Mama Georgette alisogeza uso karibu na skrini. Pale mkono wake ulikuwa ndiyo kwanza umefika mgongoni mwa binti yake.

"Uache anishike kwanza," alisema. "Hapo. Hapo sasa ukate."

Eliane akakata hapo.